Njia ya Pentosi si Mchepuko: Wajibu wa Mwanafunzi wa Kiswahili kwa Sayansi ya Seli

Katika makongamano ya vyama vya Kiswahili vya vyuo vikuu, mada moja haikosi kujitokeza: uwezo wa Kiswahili katika uwanja wa sayansi na teknolojia. Aghalabu mwasilishaji huanza kwa kukariri kuwa Kiswahili ni lugha pevu, hutaja tarakilishi, ngamizi na kompyuta, huigawa hadhira katika makundi mawili kuhusu neno lipi linalofaa zaidi, kisha huhitimisha kwa kudai kuwa hakuna jambo lisiloelezeka kwa Kiswahili. Makofi hupigwa. Hata hivyo, ni nadra mno kwa mwasilishaji huyo kulishika jambo moja la kisayansi na kulieleza toka mwanzo hadi mwisho mbele ya hadhira hiyo hiyo. Dai hubakia dai, na orodha ya istilahi hubakia orodha.

Makala haya yanashikilia kuwa uwezo wa lugha hauthibitishwi kwa wingi wa istilahi, bali kwa maelezo yanayoeleweka na mtu anayeyahitaji. Fauka ya hayo, yanadai kuwa mwanafunzi wa Kiswahili anawajibika kukielewa kitu kabla ya kukipa jina, kwa kuwa jina lililotolewa bila ufahamu huweza kuficha kile linachonuia kufichua. Mfano utakaotumiwa ni namna seli inavyoitumia sukari kwa njia ya pili, tofauti na ile maarufu ya kuzalisha nishati. Mfano huu haukuteuliwa kwa kubahatisha. Wapo watu wengi Afrika Mashariki ambao njia hiyo ni dhaifu katika damu yao tangu kuzaliwa, na kutoielewa huweza kuwagharimu uhai.

Njia panda ya sukari

Mtu anapokula ugali, muhogo au wali, wanga uliomo humeng'enywa hadi ukawa glukosi, yaani sukari yenye atomu sita za kaboni. Glukosi husafirishwa na damu hadi kwenye seli. Ikishaingia ndani, kimeng'enya fulani huipachika fosfeti, na kuanzia hapo haiwezi kutoka tena kwa urahisi. Sukari hiyo, ambayo sasa huitwa glukosi-6-fosfeti, husimama kwenye njia panda.

Njia ya kwanza ndiyo inayofahamika na kila aliyesoma biolojia ya sekondari. Huitwa glikolisisi. Humo glukosi hukatwa ikawa vipande viwili vyenye kaboni tatu tatu, na seli hubaki na faida ya molekuli mbili za ATP, ambazo ndizo hubeba nishati ya kazi za seli. Katika seli nyingi, vipande hivyo huendelea hadi ndani ya mitokondria, ambako huchomwa kwa oksijeni na kutoa nishati nyingi zaidi.

Njia ya pili haizalishi ATP hata moja. Hapo ndipo wengi hukosea kuidharau. Kimeng'enya cha kwanza katika njia hiyo, ambacho jina lake refu hufupishwa kuwa G6PD, huiondolea sukari haidrojeni na kumkabidhi mchukuzi aitwaye NADP, ambaye akishabebeshwa mzigo huitwa NADPH. Baada ya hatua chache, kaboni moja huachiliwa ikatoka kama kaboni dioksidi, na mchukuzi wa pili hubebeshwa mzigo wake. Kinachobaki ni sukari yenye kaboni tano. Sukari za kaboni tano huitwa pentosi, na ndiyo maana njia nzima hupewa jina la njia ya pentosi fosfeti.

Mazao ya njia hii ni mawili. Zao la kwanza ni ribosi, pentosi inayotumika kuundia RNA na DNA. Seli inayotaka kugawanyika haiwezi kunakili jeni zake bila malighafi hiyo. Zao la pili ni NADPH, ambayo hutumika katika ujenzi wa mafuta mwilini, mathalan katika ini na katika matiti ya mama anayenyonyesha, na pia katika ulinzi wa seli. Isitoshe, seli ikihitaji NADPH pasipo kuhitaji ribosi, haitupi pentosi zake. Pentosi tatu, zenye jumla ya kaboni 15, hupangwa upya zikawa sukari mbili za kaboni sita na moja ya kaboni tatu, nazo hurejea kwenye njia ya kwanza. Hesabu hulingana na hakuna kinachopotea.

Umuhimu wa zao hilo la pili hudhihirika zaidi katika seli nyekundu ya damu. Seli hiyo haina kiini wala mitokondria. Huishi takriban siku 120, ikibeba oksijeni kila dakika ya maisha yake, na oksijeni hiyo hiyo huzalisha kemikali kali kama vile haidrojeni peroksaidi. Mlinzi wa seli dhidi ya kemikali hizo ni glutathioni. Kila anapoizima sumu, mlinzi huyu hupoteza silaha yake, na ni NADPH inayomrudishia. Seli nyingine za mwili zina namna kadhaa za kupata NADPH. Seli nyekundu ina moja tu: njia ya pentosi. Kwake, hii si njia ya pili kwa cheo.

Jina na kosa lake

Hapa ndipo suala la lugha linapojitokeza. Vitabu vya zamani vya Kiingereza viliiita njia hii kwa neno linalotokana na reli, likimaanisha njia ya pembeni ambako mabehewa husukumwa ili kupisha gari moshi kuu. Mfasiri wa Kiswahili anayeufuata mtindo huo hujikuta akichagua kati ya "mchepuko" na "njia mbadala". Maneno yote mawili ni Kiswahili safi, na yote mawili hupotosha.

Mchepuko hutokana na kuchepuka, yaani kuiacha njia iliyo sawa. Katika mazungumzo ya mitaani ya miaka hii, neno hilo limejitwalia maana ya mpenzi wa nje ya ndoa, na mwalimu atakayelitumia darasani atahitaji dakika tano za kutuliza vicheko. Lakini hata vicheko vikitulia, kosa litabaki: kinachochepuka hakikupaswa kwenda huko. Neno "mbadala" nalo hubeba dhana kwamba kimoja chaweza kushika nafasi ya kingine. Glikolisisi haiwezi kuipa seli NADPH, wala njia ya pentosi haikuwekwa ili kuzalisha ATP pale glikolisisi inaposhindwa. Njia hizi hazibadilishani zamu; kila moja ina kazi yake, na zote hutoka kwenye njia panda moja. Yamkini jina "njia ya pentosi" halina mvuto wa kishairi, lakini linasema kweli kuhusu kitu chenyewe. Hiyo ndiyo sifa ya kwanza ya istilahi.

Neno "kimeng'enya" nalo linastahili kutazamwa. Limekubalika kwa miaka mingi katika kamusi na vitabu vya shule, na hapana haja ya kuling'oa. Lakini chimbuko lake ni kitenzi kumeng'enya, ambacho humkumbusha msikilizaji tumbo na chakula. G6PD haimeng'enyi chochote kwa maana hiyo. Huondoa haidrojeni mahali pamoja na kuikabidhi pengine. Anayefunza neno bila kutoa tahadhari hii humpa mwanafunzi picha ya tumbo dogo ndani ya kila seli. Istilahi nzuri huhitaji kuandamana na maelezo, la sivyo hugeuka ganda lisilo kiini.

Damu, dawa na historia

Haya yote yangeweza kubaki mjadala wa darasani lau kila mtu angekuwa na G6PD ya kutosha. Sivyo ilivyo. Takriban watu milioni 400 duniani wana upungufu wa kimeng'enya hiki, na hivyo kuufanya kuwa mojawapo ya hali za kurithi zinazopatikana zaidi miongoni mwa wanadamu. Kwa siku za kawaida wengi wao hawaoni tofauti yoyote. Taabu huanza wanapotumia dawa fulani, wanapopatwa na maambukizi, au wanapokutana na kemikali zinazozishambulia seli nyekundu. Seli yenye G6PD ya kutosha huongeza kasi ya njia ya pentosi papo hapo. Yenye upungufu hushindwa kuongeza. Himoglobini huharibika, seli hupasuka, mkojo hugeuka rangi ukawa kama chai ya rangi, macho huwa ya manjano, na mgonjwa huishiwa nguvu.

Elimu kuhusu hali hii ina historia inayouma. Mwaka 1956 Paul Carson na wenzake walitangaza nchini Marekani kuwa wameitambua kasoro ya G6PD katika seli nyekundu za watu waliodhuriwa na primakwini, dawa ya malaria. Utafiti huo ulitokana na majaribio ya dawa kwa wafungwa wa gereza la Stateville, jimbo la Illinois, ambako wafungwa weusi ndio waliodhihirika kuathirika zaidi. Mwaka 1960 Anthony Allison, mwanasayansi aliyekulia Kenya, alichapisha matokeo kuhusu upungufu huo katika damu ya watu wa Afrika Mashariki na kuuhusisha na malaria. Leo inafahamika kuwa upungufu huu hupatikana zaidi katika maeneo yaliyoandamwa na malaria kwa karne nyingi, Pwani ya Kenya na kandokando ya Ziwa Viktoria yakiwamo, kwa kuwa humpa mwenye nao kinga ya kiasi dhidi ya malaria kali. Kilichowakinga mababu na ugonjwa ndicho kinachoweza kuwadhuru wajukuu kupitia dawa.

Mfano wa karibu zaidi ni wa dawa ya Lapdap, mchanganyiko wa klopuroguanili na dapsoni. Ilibuniwa kwa nia njema, ili kupata dawa ya malaria yenye bei nafuu, ikaidhinishwa mwaka 2003 na kutumiwa katika nchi kadhaa za Afrika, Kenya ikiwa mojawapo. Mwaka 2008 iliondolewa sokoni baada ya majaribio kuonyesha kuwa dapsoni iliyomo ilishusha kiwango cha damu kwa namna ya hatari miongoni mwa wagonjwa wenye upungufu wa G6PD. Hii haimaanishi kuwa mtu azikimbie dawa zote za malaria. Artemeta na lumefantrini, ambazo hutumika sana nchini, hutolewa bila kuhitaji kipimo cha G6PD. Kwa upande mwingine, tafenokwini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018, haifai kutolewa kabla ya kipimo hicho. Tofauti kati ya dawa hizi ni jambo la maisha, na mgonjwa ana haki ya kulielewa kwa lugha aijuayo.

Hata katika nyumba isiyo na dawa, hatari huweza kuwepo. Vidonge vya naftalini, vile vyenye harufu kali vinavyowekwa kabatini kuzuia nondo na mende, huweza kuvunja seli nyekundu za mtoto mchanga mwenye upungufu anapofunikwa nguo zilizohifadhiwa navyo. Wahenga waliposema kuwa kikulacho ki nguoni mwako hawakuwa wakiizungumzia kemia, lakini mwalimu wa afya ya jamii hatapata methali inayofaa kuliko hiyo.

Pingamizi mbili

Watakuwapo watakaosema kuwa sayansi hii hutafitiwa na kufundishwa kwa Kiingereza, na kwamba kuieleza kwa Kiswahili ni kupoteza wakati. Pingamizi hili husahau kuwa Kiingereza nacho kilipokea. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, Otto Warburg, mwanakemia Mjerumani, ndiye aliyekieleza kimeng'enya hiki kwanza, naye alikipa jina la lugha yake, Zwischenferment, yaani chachu ya kati. Hakungoja Kijerumani kitangazwe kuwa lugha ya sayansi ndipo aandike. Aliandika, na kwa kuandika kwake na kwa wenzake lugha hiyo ikawa hivyo. Waingereza na Wamarekani walifasiri, wakabadilisha majina, wakaendelea.

Pingamizi la pili hutoka ndani ya nyumba ya Kiswahili yenyewe. Huelezwa kuwa kazi hiyo ni ya taasisi na mabaraza, na kwamba mwanafunzi wa shahada ya kwanza aliyejikita katika fasihi au isimu hana mamlaka nayo. Ni kweli kuwa kuna waliotangulia. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, na kazi hiyo inastahili heshima. Lakini kamusi hutaja, haisimulii. Kati ya neno lililomo kamusini na mama aliyekaa kwenye benchi la zahanati kuna pengo ambalo halizibwi na baraza lolote. Huzibwa na mtu anayejua kuunda sentensi, kuteua tamathali isiyopotosha, kupima toni na kutambua msikilizaji anapopotea. Hizo ndizo stadi anazofunzwa mwanafunzi wa Kiswahili kwa miaka minne. Katiba ya mwaka 2010 imekwisha kukitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Urasmi usiofika kwenye kitanda cha mgonjwa ni urasmi wa karatasi.

Maelezo ya mfano

Kazi hiyo huhitaji uteuzi makini wa maneno. Je, hali hii iitwe ugonjwa, kasoro au upungufu? "Ugonjwa" humtia mtu hofu ya kuambukizwa na humfanya atarajie tiba ya kupona. "Kasoro" huelekea kumlaumu mwenye nayo. "Upungufu" hueleza kweli, lakini msikilizaji huweza kuuchanganya na upungufu wa damu, kwa hiyo hauna budi kutenganishwa nao waziwazi. Isitoshe, jeni ya G6PD imo katika kromosomu X, ambayo mtoto wa kiume huipokea kutoka kwa mama yake. Sentensi moja iliyotamkwa ovyo kuhusu jambo hili inatosha kuzua lawama katika ndoa. Maelezo yanayofaa yangeweza kuwa haya:

"Mama, damu ya mtoto wako ina seli nyekundu nyingi mno. Kila seli hutumia sukari kidogo ili kujilinda. Kwa mtoto wako, ulinzi huo ni dhaifu tangu kuzaliwa. Hakuambukizwa na mtu, hakuna aliyemkosea, wala si kwa sababu ya chakula ulichokula ukiwa na mimba. Siku nyingi ataishi kama watoto wengine. Lakini zipo dawa chache, na vitu vichache, vinavyoweza kuzivunja seli zake. Kila unapomtafutia dawa, hospitalini au dukani, itaje hali hii kwanza. Usiweke naftalini penye nguo zake. Ukiona mkojo wake umekuwa mweusi kama chai ya rangi, macho yamekuwa ya manjano, au amelegea ghafla, mlete siku hiyo hiyo."

Katika maelezo hayo hamna pentosi, glutathioni wala NADPH. Hata hivyo, hayangeweza kuandikwa na mtu asiyezijua. Neno "hujilinda" limeteuliwa badala ya "hupata nguvu" kwa sababu mwandishi wake anafahamu kuwa njia ya pentosi haitoi ATP. Neno "chache" limetumiwa ili kuondoa hofu dhidi ya dawa zote. Ndiyo maana kukielewa kitu hutangulia kukieleza, na usahili wa namna hii huwa zao la ujuzi.

Hitimisho

Vyama vya Kiswahili vya vyuo vikuu vinaweza kulianza jambo hili bila kungoja ufadhili wala azimio la kongamano. Chama kimoja kiteue mchakato mmoja wa kisayansi kila mwaka. Mwanafunzi wa Kiswahili akae na wa biolojia na wa uuguzi, waelezane hadi waelewane, kisha waandike. Maandishi hayo yasomwe kwa watu wasio wanachuo, nao waombwe kuyasimulia upya kwa maneno yao. Panapopotoka masimulizi yao, hapo ndipo palipo na kosa la mwandishi, wala si la msikilizaji. Kazi ya namna hiyo itafaa kuliko mjadala mwingine kuhusu tarakilishi na ngamizi.

Wahenga walinena kuwa penye nia pana njia. Ndani ya seli nyekundu ya damu njia ya kujipatia kinga ni moja tu, na ikidhoofika hakuna ya kushika nafasi yake. Mgonjwa asiyejua lugha nyingine ila Kiswahili naye hana njia ya pili ya kuyaelewa yanayotendeka katika damu yake. Njia hiyo iko mikononi mwa wanaokisoma Kiswahili.